Mhola ya Kisimani

Mimi nilikuwa mtu wa juu na Luhende alikuwa mtu wa chini. Ndivyo tulivyochimba visima miaka yote, kuanzia Dutwa hadi Malampaka. Yeye anashuka na sururu na jembe la mpini mfupi, mimi nazungusha gogo la kamba, ndoo ya udongo inapanda, naimwaga, inashuka tena. Watu walituita wachimbaji wawili, lakini mchimbaji alikuwa mmoja. Mimi nilikuwa mikono tu.

Sikuwahi kushuka. Watu wakisikia hivyo wanatafuta kisa. Labda aliona mtu amefukiwa, labda alitumbukia akiwa mtoto. Hakuna kisa. Naogopa shimo, basi. Niliacha shule darasa la nne nikachunge ng'ombe, na katika kuchunga nimefukuza fisi kwa fimbo, nimevuka mto Simiyu umejaa huku nimeshika mkia wa dume. Shimo hapana.

Mwaka juzi kifua cha Luhende kikakataa. Vumbi lilikuwa limemkaa ndani, akikohoa unasikia kama mtu anaburuta gunia la pamba sakafuni. Daktari wa mjini Bariadi akamwambia asishuke tena shimoni, akae mbali na vumbi, apumzike. Luhende akarudi nyumbani, akasema daktari ni kijana mwenye adabu, kisha akakaa chini akaanza kunoa sururu.

Shimo lililokuwa likisubiri lilikuwa letu wenyewe. Tulikuwa tumewachimbia watu wengine visima huku kaya zetu mbili, ya kwangu na ya kwake, zikichota maji kwenye mashimo ya mchanga mtoni. Mke wangu Milembe ni mdogo wake Luhende, kwa hiyo tunaishi jirani, kuku wetu hawajui mpaka. Kiangazi kile tulikuwa tumeanza kisima chetu hatimaye. Tuliupita udongo mweusi wa mbuga, tukaujengea matofali usije ukaanguka, tukaupita udongo mweupe, tukagusa changarawe. Hapo ndipo kifua kilipokataa.

"Nitamalizia mwenyewe," Luhende alisema. "Imebaki kidogo."

Milembe alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Utamalizia, halafu tukufukie humohumo. Itatupunguzia kazi ya kuchimba kaburi."

"Sasa nani ashuke? Huyu?" Hata hakunitazama.

"Huyu," Milembe alisema.

Mimi sikuulizwa. Jioni, tukiwa wawili zizini, nikamwambia mke wangu kwamba amenitoa kama mtu anavyotoa mbuzi. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. Alikuwa amechoka kweli, kiangazi kile alikuwa anaondoka na ndoo alfajiri na kurudi jua limeshakuwa kali.

"Baba Masele, kaka akishuka mle atafia mle. Unajua. Na kama hashuki mtu mwingine, atashuka yeye. Hilo nalo unalijua."

Nililijua. Luhende si mtu wa kuacha shimo wazi.

Asubuhi nikaenda kisimani. Luhende alikuwa ameshafika, amekaa juu ya rundo la changarawe.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka."

"Mhola?"

"Mhola."

"Kaya mhola?"

"Mhola duhu."

Hivyo ndivyo tunavyosalimiana huku, na anayetoka nje anaona tunapoteza muda. Unaulizwa kama kuna amani, unajibu kuna amani, au mhola duhu, amani tu. Watoto mhola, ng'ombe mhola, kaya mhola. Hata mtu aliyelaza maiti ndani huanza na mhola, ndipo aeleze msiba. Ndiyo heshima.

Nikamwambia nimekuja kujifunza kushuka. Hakucheka, na hilo lilinishangaza, maana anapenda kunicheka.

"Umewahi kumfundisha ng'ombe kulima," alisema. "Unaanza na nini?"

"Nira."

"Nira tupu. Anatembea nayo uwanjani mpaka aizoee. Halafu?"

"Gogo. Analiburuta."

"Jembe ni mwisho. Ukimfunga jembe siku ya kwanza anavunja jembe, anavunja na wewe. Leo hushuki. Leo kaa hapo ukingoni, miguu ndani."

Nikakaa. Milembe akatuletea michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na karanga, nikala miguu ikining'inia kwenye giza. Michembe ni mikavu hata ikichemshwa vizuri, na siku ile ilinigoma kooni kabisa. Luhende akawa anaongea habari za bei ya pamba na za mchungaji wao aliyehamishwa. Nikitaka kuinuka ananiambia bado.

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka uchoke kuogopa."

Nilidhani ni maneno tu, kumbe ni kweli. Hofu inachosha. Ukikaa nayo bila kukimbia, inafika mahali unaona mgongo unauma, njaa imeingia, jua linachoma kisogo, na hofu yenyewe umeisahau kwa muda. Ikirudi inarudi na nguvu pungufu. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka tu.

Siku zilizofuata akanishusha mpaka kimo changu, kichwa kikiwa usawa wa ardhi. Alinifunga kamba kifuani na mapajani. Yeye mwenyewe hakuwahi kufungwa, alikuwa anakanyaga ndoo na kushika kamba kwa mkono mmoja. Nikamwambia nataka kushuka kama yeye.

"Mimi nilikuwa mjinga kijana," alisema. "Wewe ni mjinga mzee. Funga."

Kisha mpaka mwisho wa matofali. Kisha mpaka udongo mweupe, pale baridi inapoanza. Sikuruhusiwa kuchimba. Nilikuwa nakaa kwenye vidato alivyovichonga ukutani, nashika kamba, natazama duara la anga juu yangu. Usiku naota nimo mle, asubuhi natoka nimechoka kuliko nilivyolala. Milembe akawa ananipikia uji mzito, hasemi kitu.

Danford ndiye aliyesema. Danford ni jirani yetu, anaendesha bodaboda na kulima nyanya kando ya mto, na mdomo wake haujawahi kupata likizo. Alikuwa anakuja kutusaidia kuzungusha gogo kwa sababu Luhende hana tena pumzi ya kazi ile peke yake.

"Mjomba Jilala!" aliniita kutoka juu. "Umeota mizizi huko? Tukumwagilie?"

"Njoo ushuke wewe."

"Mimi? Nina mke kijana, siwezi kumwacha. Wewe mama Masele ameshakuzoea, hata akikukosa ataona nyumba imekuwa kubwa."

"Mvute huyo Danford sikio," nikamwambia Milembe.

"Nimvute kwa lipi? Amesema kweli."

Walicheka wote watatu. Nikagundua kwamba nami nacheka, na nimeachia mkono mmoja kutoka ukutani bila kujua. Siku hiyo nikafika chini. Nilisimama kwenye changarawe. Luhende akanitupia sauti: "Usifanye kitu. Simama tu, uone panafananaje." Nikasimama. Ni pachafu, ni pembamba, pananuka udongo mbichi. Ndivyo panavyofanana.

Baada ya hapo akanipa sururu. Kila asubuhi alitangulia kushusha koroboi kwa kamba nyembamba. Ikizimika, hewa ni mbaya, hatushuki. Ikiwaka, nafungwa, nashuka. Yeye anakaa ukingoni na kuuliza, "Mhola?" nami najibu, "Mhola!" Kazi hiyo ya kuuliza zamani ilikuwa yangu. Wote wawili tulikuwa tunajifunza, mimi ya chini, yeye ya juu, na sidhani kama yeye alipenda yake kuliko nilivyopenda yangu.

Changarawe ikawa na unyevu. Siku moja maji yakaanza kujikusanya kwenye nyayo zangu. Milembe aliposikia aliinama ukingoni akachungulia muda mrefu, kisha akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi wa kuni.

Lakini maji yakiingia kabla hujafika kina chake, ni taabu. Unachimba ndani ya tope, ndoo inapanda na uji. Tukachota kwa ndoo siku nzima, kesho yake yamejaa tena mpaka magotini. Danford akasema anayo mashine ya petroli anayomwagilia nyanya, tuitumie. Ile mashine hainyonyi kutoka mbali. Ukiiweka juu inavuta hewa tu. Kwa hiyo tukakaza mbao katikati ya kisima, tukaishusha pale kwa kamba, Danford akaiwasha akapanda haraka. Iliunguruma mle ndani kama dume lililofungwa. Maji yakatoka kwa mpira, yakatiririka mpaka kwenye majani, kuku wakaja kushangaa.

Yalipoisha tukaizima, tukaivuta juu. Jua lilikuwa bado liko juu.

"Shimo tuliache lipumue," Luhende alisema. "Tushuke kesho."

"Kesho maji yatakuwa yamerudi," nikasema. "Tutawasha tena mashine, tutazima tena, utasema tena kesho. Teremsha koroboi."

Akaiteremsha. Ikawaka. Mwali ulisimama wima, haukuyumba hata kidogo.

"Si unaona?"

"Naona," alisema, lakini hakuonekana mtu aliyeridhika. Katika miaka yake yote hakuwahi kuchimba na mashine. Koroboi ilijua hewa mbaya ya shimoni, moshi wa petroli haikuujua. Hilo tulikuja kuambiwa baadaye na mganga wa zahanati. Siku ile hakuna aliyelijua. Kilichokuwepo ni mimi niliyekuwa nimeshazoea. Nilifunga kamba mwenyewe, nikajaribu hata kukanyaga ndoo kwa mguu mmoja kama Luhende wa zamani, Danford akanishangilia.

Nikashuka. Nikaanza kuchimba. Pananuka petroli kidogo, nikaona ni kawaida.

"Mhola?" Luhende.

"Mhola!"

Kichwa kikawa kizito kama nimebeba mzigo muda mrefu. Nikakilaumu kijua. Nikapiga sururu, nikapumzika, nikapiga, nikapumzika.

"Mhola?"

"Mhola."

Halafu kikaja kitu ambacho sikuwahi kukipata shimoni. Hofu ilikwisha. Haikupungua, ilikwisha kabisa. Ukuta ulikuwa mzuri, tope lilikuwa la vuguvugu, niliona ningeweza kukaa mle mpaka mvua za vuli. Nikakaa chini.

"Mhola, shemeji?"

"Mhola duhu."

Yaliyofuata nasimuliwa. Luhende aliridhika. Kwa nini asiridhike, ameulizia amani ameambiwa ipo, na sauti ilitoka. Lakini Milembe alikuwa amekuja na maji ya kunywa, akasimama, akasikiliza.

"Sururu haisikiki," alisema.

"Amepumzika. Nimemuuliza sasa hivi, amesema mhola."

Milembe akainama ukingoni akaita, "Baba Masele! Yule ng'ombe aliyezaa juzi amezaa dume au jike?"

Nikajibu. Wote walinisikia nikijibu, kwa sauti nzuri kabisa ya mtu anayeamkiwa barabarani.

"Mhola."

"Nimekuuliza ndama!"

"Mhola duhu, mama."

Danford anasema alicheka. Alidhani namtania mke wangu. Milembe hakucheka, alimsukuma akashika mkono wa gogo. "Vuta! Vuteni!"

Wakazungusha. Kamba ikakaza, nikapanda kidogo, nikakwama. Bega lilikuwa limenasa chini ya ile mbao tuliyoiacha katikati. Wakavuta, mbao ikalia, mimi sikutoka. Wakaniita, sasa hata mhola haikutoka.

Luhende akavua shati. Akaweka mguu ndani.

Milembe anaposimulia hapa huwa anashusha sauti. Mikono yake ilikuwa kwenye gogo, akiiachia ninaanguka. Akamwambia kaka yake, "Kaka, ukishuka sina mikono ya kuvuta wawili. Utakufa juu yake, na yeye atakufa chini yako. Nitafanyaje mimi?"

Luhende akabaki vile, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Mtu aliyeshuka mashimo maisha yake yote, hawezi kushuka. Halafu akautoa mguu. Akalala kifudifudi ukingoni, akachungulia, akaanza kumwelekeza Danford: legeza kidogo, kidogo tena, simama, sasa zungusha taratibu. Kamba ikageuka, bega likateleza kutoka kwenye mbao. Wakanivuta.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye kivuli cha ghala, natapika. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Danford alikuwa analia waziwazi, pikipiki iko tayari, hajui anipakie mbele au nyuma. Luhende alikuwa amekaa chini hatua chache kutoka kwangu, anakohoa, hana shati, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumshughulikia.

"Jike," nilimwambia Milembe.

"Nini?"

"Ndama. Ni jike."

Akanipiga kofi la begani, lilelile lililochubuka.

Zahanati walinilaza. Mganga akatueleza habari ya moshi wa mashine, akasema mwaka uliotangulia kuna watu mahali fulani walishuka kumwokoa mwenzao, mmoja baada ya mwingine, hakutoka hata mmoja. Danford akaangalia sakafu. Sikumlaumu. Mashine ilikuwa yake, lakini kichwa kilichosema teremsha koroboi kilikuwa changu.

Nilikaa nyumbani nimechoka uchovu ambao usingizi hauondoi. Nikawaza mambo mengi ya kijinga. Nilikumbuka miaka yote niliyokaa juu nikimuuliza Luhende mhola, naye akijibu mhola, nami nikiamini. Siku moja nikamuuliza: ni mara ngapi alinijibu hivyo na hali ni mbaya?

Alifikiri.

"Sasa ningekujibuje?" alisema. "Ukiulizwa mhola unasema mhola."

Hofu ilikuwa imerudi yote, na imeongeza wenzake. Nilipita mbali na kisima. Milembe akarudi mtoni na ndoo zake. Siku moja nilimwona Luhende anapima kamba. Nikaenda nikamnyang'anya.

"Rudi ukakae kivulini," nikamwambia.

"Utaweza?"

"Sijui. Leo nitakaa ukingoni. Kesho sijui."

Tulianza upya kabisa, nira tupu. Safari hii hakuna aliyetania sana. Mashine ilirudi kwenye nyanya, tukachota kwa ndoo, polepole, Danford akija kila asubuhi kabla hajaenda kutafuta abiria. Nilishuka nikiogopa na nikapanda nikiogopa, na sikujaribu tena kuichosha ile hofu mpaka iishe. Nilitaka ibaki. Siku nitakayokuwa chini na siogopi, nitavuta kamba nitoke.

Na Milembe akapiga marufuku mhola. Ukingoni pale alikaa yeye, si Luhende, na aliuliza anavyotaka yeye.

"Baba Masele! Shangazi yako wa Kalemela anaitwaje?"

"Lukresia!"

"Jumapili tuligombana kwa ajili ya nini?"

"Chumvi!"

"Nani alikuwa na makosa?"

Nikanyamaza.

"Danford, mvute," alisema. "Hewa imekuwa mbaya."

"Mimi! Mimi ndiye nilikuwa na makosa!"

"Mwache. Yuko mzima."

Hata Luhende alicheka mpaka akakohoa.

Tulifikia mwamba kabla ya mvua. Maji yalipanda yakasimama, hayakushuka tena. Yana chumvi kidogo. Chai yake ina ladha ya kitu kingine, lakini ng'ombe wanayanywa bila kunung'unika, na Milembe anaamka jua likiwa limeshatoka. Nilidhani tutafurahi kwa kelele. Tulikaa tu, tukayanywa, Danford akasema yamefanana na maji ya bomba yaliyokasirika, tukaenda kulala mchana.

Juzi simu ya Luhende ikalia. Aliyepiga ni mtu wa Nyalikungu, kule Maswa, ana kiwanja, anataka kisima. Luhende alimsikiliza sana. Niliona mkono wake mwingine unafunguka na kufunga kwenye goti, kama umeshika mpini. Nilijua akisema ndiyo, amesema ndiyo kwa kifua chake.

"Mimi nimeacha," alimwambia yule mtu. "Nakaa juu tu, tena kama hakuna vumbi. Anayeshuka ni shemeji yangu. Subiri nikupe uongee naye."

Akaninyooshea simu. Alikuwa hanitazami, anatazama mbali, kwenye mashamba ya pamba yaliyofyekwa.

Yule mtu akauliza kama naweza kuanza Jumatatu, na kama wiki moja inatosha kufika kwenye maji. Nikamwambia Jumatatu nitakuja kuangalia udongo. Nikamwambia wiki hiyo asitegemee maji, na akiniona nimekaa tu pembeni ya shimo sifanyi kitu, asidhani nimelala.

"Utakuwa unafanya nini?" akauliza.

"Nitakuwa kazini," nikasema.